Neno Kwenye Karatasi: Jinsi Mahakama Isomavyo Mapatano

Voi ni mji wa njia panda. Reli ya kutoka Mombasa ilipita hapa kabla karne ya 19 haijaisha. Wakati wa Vita Kuu ya 1914–1918 ikaongezwa tawi la kwenda Taveta. Na mwaka 2017 treni za reli mpya zikaanza kusimama katika stesheni yake. Mkonge wa Mwatate, ng'ombe na mbuzi wa nyika, mboga za milima ya Wundanyi na ndizi za Taveta, vyote hupita hapa au karibu na hapa kuelekea pwani au bara. Kazi yote hiyo yafanywa kwa mapatano, na mengi ya mapatano hayo ni maneno machache tu, yaliyosemwa huku watu wakipeana mikono, au yaliyoandikwa kwa haraka juu ya boneti ya lori.

Mapatano yavunjikapo, watu wengi hudhani kwamba kazi ya hakimu ni kutafuta nani mwongo. Mara nyingi sivyo. Pande zote mbili husema kweli kwamba zilipatana, hutoa karatasi ile ile moja, na huonyesha sahihi zile zile. Ugomvi wao ni juu ya maana ya neno.

Tuchukue mfano. Mkulima wa Taveta akubali kumpelekea mfanya biashara wa Voi “mikungu 200 ya ndizi kubwa, siku ya Ijumaa saa nne, kwa shilingi 400 kila mkungu.” Maneno hayo yaonekana wazi kama maji ya kisima. Lakini yapasue uone. Kubwa ni kiasi gani, na nani apimaye? Ndizi zenyewe ni za kupika au za kuiva? Saa nne ni ile ya Kiswahili, jua likiwa limepanda, au ni ile ya Kiingereza iliyoandikwa kwa tarakimu 4, ambayo kwetu ni saa kumi? Mnunuzi aliyekodi lori la kwenda Mombasa adhuhuri, na mkulima aletaye mzigo wake saa kumi alasiri, wote wawili waweza kuapa mbele ya hakimu na asiwepo mwongo kati yao. Na ikiwa muuzaji ni mtu wa upande wa pili wa mpaka, wa Holili au Moshi, hata neno shilingi lina maana mbili, maana shilingi ya Kenya na ya Tanzania hazilingani hata kidogo.

Basi mahakama hufanyaje?

Kwanza yafaa tujue sheria yenyewe yatoka wapi. Kwa miaka mingi mapatano katika Kenya yaliamuliwa kwa Sheria ya Mapatano ya India ya mwaka 1872, iliyoletwa huku na Waingereza. Tangu tarehe 1 Januari 1961 Kenya iliiacha, ikashika sheria fupi yake yenyewe isemayo kwamba mapatano yataamuliwa kwa kanuni za sheria ya kawaida ya Uingereza, pamoja na kanuni za insafu. Tanganyika ilichagua njia nyingine: mwaka 1961 iliandika sheria yake ikiufuata mfano wa ile ya India, na Tanzania hata leo yaitumia. Kwa hiyo mtu wa Taveta afanyaye biashara na mtu wa Moshi yuko kati ya sheria mbili zilizo ndugu lakini si pacha. Busara ni kuandika katika hati ni sheria ya nchi gani itakayotumika, na fedha ya nchi gani italipwa.

Kanuni ya kwanza ni hii: jaji hatazami yaliyokuwa moyoni mwa mtu. Moyo wa mtu ni msitu. Hutazama maneno yaliyotumika, na kuuliza jinsi mtu mwenye akili timamu, ajuaye hali waliyokuwamo watu hao wawili siku ile, angeyafahamu. Kutoka hapo hutokea kanuni ya pili, ambayo Mahakama ya Rufani ya Kenya iliitamka mwaka 2001 katika kesi ya National Bank of Kenya na kampuni ya Pipeplastic Samkolit, na ambayo mahakimu huirudia mpaka leo: mahakama haina ruhusa ya kuwaandikia watu mapatano mapya. Watu hufungwa na masharti yao wenyewe, isipokuwa pameshitakiwa na kuthibitishwa kwamba palikuwa na udanganyifu, au kulazimishwa, au mmoja kutumia nguvu zake juu ya mwenziwe isivyo haki.

Msomaji asidhani kwamba hayo ni maneno ya vitabuni tu. Uingereza iko kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo mwaka 2015. Watu walikuwa na nyumba ndogo za mapumziko huko Oxwich, katika Wales, kwa hati za kukodi za miaka 99 kuanzia 1974. Baadhi ya hati zilisema kwamba kila mwenye nyumba atalipa pauni 90 kwa mwaka kwa ajili ya matengenezo, na kwamba kiasi hicho kitaongezwa sehemu kumi katika mia kila mwaka. Siku hizo bei za vitu zilikuwa zikipanda sana, na nyongeza hiyo ilionekana ya kawaida. Baadaye bei zikatulia, lakini hati haikutulia. Watu wakapiga hesabu wakaona ya kuwa kufikia mwaka 2072 kila nyumba itadaiwa zaidi ya pauni 550,000 kwa mwaka mmoja, fedha zipitazo thamani ya nyumba yenyewe mara nyingi. Majaji wanne kati ya watano walisema: maneno ni wazi, nasi hatuwezi kumwokoa mtu kwa sababu tu mapatano yake yamemgeukia vibaya. Jaji mmoja alikataa. Ni hukumu ngumu, na moyo wa msomaji utakuwa pamoja na yule jaji mmoja. Hata hivyo mimi naona wale wanne walikuwa na haki. Siku jaji atakapoanza kurekebisha mapatano yaliyomwonea huruma, hakuna karatasi itakayokuwa na nguvu tena, na wa kwanza kuumia atakuwa mkulima mdogo ambaye ngao yake ni ile karatasi tu.

Lakini neno lisipokuwa wazi, mambo hubadilika, na hapa mahakama huwa kama mwalimu wa lugha. Kesi nzuri kupita zote niijuazo ni ya Marekani, nayo ni ya kuku. Mwaka 1957 kampuni moja ya Uswisi ilinunua kutoka kwa kampuni ya New York kuku waliogandishwa kwa barafu, wa ukubwa wa namna mbili: ratli moja na nusu mpaka mbili, na ratli mbili na nusu mpaka tatu. Shehena ilipofika, wale wakubwa walikuwa kuku wazee wa kuchemsha kwa supu. Mnunuzi akapiga kelele: sisi tulitaka kuku wachanga wa kuchoma! Muuzaji akajibu: mlisema kuku, na huyu ni kuku.

Jaji Henry Friendly aliiamua kesi hiyo mwaka 1960, na hakuipuuza kwa kuwa ni ya kuku. Alitazama kwanza hati: neno lenyewe halikusema uchanga wala uzee. Akatazama simu za maandishi walizopelekeana. Zilikuwa za Kijerumani, lakini neno la kuku liliandikwa kwa Kiingereza. Wanunuzi walidai kwamba walifanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu neno la Kijerumani laingiza kuku wa kila umri. Dai lao likaanguka, maana muuzaji alikuwa amemwuliza wakala wao ni kuku wa namna gani watakiwao, akajibiwa kwamba ni wa namna yo yote. Akasikiliza mashahidi wa biashara hiyo, nao hawakupatana: wengine walisema neno hilo ni la kuku mchanga tu, wengine la kuku wote. Akatazama kanuni za Idara ya Kilimo ya Marekani, zilizowahesabu wazee na wachanga wote kuwa kuku. Mwisho akatazama bei. Kuku wakubwa waliuzwa senti 33 kila ratli, na wakati ule kuku wachanga wa uzito huo walikuwa senti 35 mpaka 37 sokoni. Je, mfanya biashara angekubali kuuza kwa hasara kwa hiari yake? Basi jaji akasema kwamba mnunuzi ndiye adaiye maana nyembamba, na ni juu yake kuithibitisha, ameshindwa. Kesi ikatupwa.

Angalia hatua zile: neno lenyewe, kisha mazungumzo ya kabla, kisha desturi ya biashara, kisha kanuni za serikali, kisha bei. Hakimu wa Voi akiletewa kesi ya mikungu yetu ya ndizi angepita karibu njia ile ile. Angeuliza katika soko la Taveta mkungu mkubwa ni upi. Angeuliza bei ya siku hiyo. Angeuliza kama watu hawa wawili wamewahi kufanya biashara kabla, na mara zile “saa nne” ilikuwa saa ngapi. Sheria yetu ya Ushahidi yaruhusu kabisa watu waitwe kueleza maneno ya kigeni, ya ufundi, au yatumiwayo mahali fulani tu.

Mara chache sana hutokea kwamba neno lina maana mbili zilizo sawa kabisa, wala hakuna cha kuamulia. Mwaka 1864 huko London ililetwa kesi ya pamba ya Surat ambayo ingefika kwa marikebu iitwayo Peerless kutoka Bombay. Kumbe marikebu za jina hilo zilikuwa mbili, moja iliyong'oa nanga Oktoba na nyingine Desemba. Mnunuzi alikuwa na ile ya kwanza akilini, muuzaji ile ya pili. Mnunuzi alishinda. Pamoja na sahihi zote, watu wale hawakuwa wamepatana jambo moja.

Iko hatari nyingine, nayo huwapata watu wetu kuliko hiyo ya marikebu. Mtu hutia sahihi au dole gumba kwenye karatasi, kisha husema: “Lakini tuliongea kwamba atanilipa mapema.” Sheria ya Ushahidi yasema kwamba mapatano yakiisha kuandikwa, maneno ya mdomo hayakubaliwi kuyapinga, kuyageuza, kuyaongeza wala kuyapunguza. Milango ya kutokea ni michache: udanganyifu, kosa, au jambo la pembeni ambalo hati haikuligusa wala halipingani nayo. Na hati ikiwa na kasoro iliyo wazi usoni pake, ushahidi hauwezi kuiziba. Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, ambayo ndiyo mama wa sheria yetu ya 1963, ilitoa mfano wa mtu aliyekubali kwa maandishi kuuza farasi kwa “rupia 1,000 au rupia 1,500”: hakuna shahidi atakayeruhusiwa kusema ilikuwa ipi. Kwa hiyo ahadi uliyopewa kwa mdomo, ukiithamini, iandikwe kabla hujatia sahihi. Aliyetia sahihi huhesabiwa kuwa amesoma.

Je, mapatano ya mdomo hayana nguvu? Yanayo, lakini kwa mipaka. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa yasema kwamba mauzo ya vitu vya thamani ya shilingi 200 au zaidi hayawezi kudaiwa mahakamani ila kama mnunuzi amepokea sehemu ya vitu, au ametoa arbuni, au amelipa sehemu ya bei, au pana maandishi yaliyotiwa sahihi na yule adaiwaye. Shilingi 200 zilikuwa fedha nyingi sheria hiyo ilipoandikwa. Leo ni bei ya vitu vichache vya dukani. Kwa sababu hiyo ile desturi ya kuacha arbuni si adabu tu, ni kamba ifungayo mauzo.

Sheria hiyo hiyo huongeza masharti ambayo watu hawakuyasema. Vitu vilivyouzwa kwa kutajwa namna yake ni lazima vilingane na namna hiyo. Vilivyouzwa kwa mfano ni lazima vilingane na mfano. Na mnunuzi akimjulisha muuzaji afanyaye biashara ya vitu hivyo kazi aitakiayo, akategemea ujuzi wake, vitu ni lazima viifae kazi hiyo. Muuza mbegu asiseme tu kwamba hakuahidi zitaota. Mkulima akileta mikungu 150 badala ya 200, mnunuzi aweza kukataa yote. Lakini akiipokea, hana budi kuilipa kwa bei iliyopatanwa. Mwezi, katika mauzo, ni mwezi wa kalenda isipokuwa hati yaonyesha vingine. Tena siku ya kulipa, kwa kawaida, haihesabiwi kuwa uti wa mgongo wa mapatano. Mnunuzi akichelewa siku mbili huwezi kuyavunja yote, ila kama mliandika kwamba siku hiyo ndiyo shina la mapatano. Wakulima wengi hawalijui hilo, nao huuza mzigo kwa mtu mwingine asubuhi yake, kisha wao ndio huitwa wavunjaji.

Tuje kwenye fidia. Hapa kesi iongozayo ni ya kinu cha Gloucester, ya mwaka 1854. Mhimili wa chuma wa mashine ya kinu ulivunjika, ukapelekwa Greenwich uwe mfano wa kutengenezea mwingine. Wachukuzi walichelewa siku kadhaa, na kinu kikasimama muda wote huo. Wenye kinu walidai faida waliyokosa. Majaji walisema: mvunjaji hulipa hasara iletwayo na uvunjaji huo kwa kawaida ya mambo, pamoja na ile ambayo pande zote mbili zaweza kuhesabiwa kuwa ziliifikiria zilipopatana. Wachukuzi hawakuambiwa kwamba kinu hakina mhimili wa akiba. Faida ile haikulipwa.

Irudishe kanuni hiyo Voi. Mnunuzi wa ndizi aliyepoteza tenda ya hoteli ya Mombasa kwa sababu mzigo ulichelewa atalipwa tofauti ya bei ya mapatano na bei ya soko siku hiyo, lakini ile tenda hataipata ila kama mkulima aliambiwa habari zake. Wala asikae kitako akihesabu hasara. Sheria yamtaka atafute ndizi kwingine kwa juhudi ya mtu wa kawaida. Na kama hati yasema kwamba mvunjaji atatozwa faini ya shilingi laki moja, mahakama huuliza kama hicho ni kisio halisi cha hasara au ni kitisho tu. Kitisho hakilipwi. Katika Tanzania sheria yasema kwamba fidia itakuwa ya haki tu, isiyozidi kiasi kilichotajwa.

Nimeliacha shamba liwe la mwisho kwa kuwa ndilo lichukualo mali ya mtu mara moja. Tangu Juni 2003 mapatano ya kuuza ardhi hayadaiwi mahakamani ila yawe yameandikwa, yametiwa sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na shahidi aliyekuwapo. Zaidi ya hayo, Sheria ya Usimamizi wa Ardhi ya mwaka 1967 yasema kwamba mauzo ya ardhi ya kilimo ni batili yasipopata kibali cha Bodi ya Ardhi, na maombi ya kibali yapelekwe katika miezi sita. Hapo wazi wa maneno hausaidii. Hati yaweza kuwa imeandikwa vizuri kuliko zote, na bado ikafa. Aliyelipa hudai fedha zake kama deni, wala si shamba.

Sheria hiyo ilikusudiwa kumlinda mwenye shamba na jamaa yake wasibaki bila pa kulima. Lakini muuzaji mwerevu amejifunza kuitumia: hupokea fedha zote, humwacha mnunuzi ajenge na apande miti, hukataa kwenda kwenye Bodi, kisha ardhi ipandapo bei husema mauzo yalikuwa batili. Majaji wenyewe wametofautiana. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu moja kwamba muuzaji wa namna hiyo huhesabiwa kuwa mdhamini anayemshikia mnunuzi ardhi yake, na mwaka ule ule ikatoa nyingine kwamba insafu haiwezi kufufua kilichouawa na sheria. Mwaka 2018 ikarudi upande wa insafu. Hata hivyo mnunuzi asiyeshinda mpaka afike Mahakama ya Rufani amekwisha tumia fedha za kununulia shamba la pili. Dawa ni kwenda kwenye Bodi ndani ya ile miezi sita, na kuzuia sehemu kubwa ya bei mpaka kibali kitoke.

Kwa madai ya bidhaa na kazi yasiyozidi shilingi milioni moja, iko Mahakama ya Madai Madogo chini ya sheria ya mwaka 2016, ambamo mtu aweza kujisemea bila wakili, na hukumu yatakiwa kutolewa katika siku 60. Madai makubwa zaidi huenda kwa hakimu wa kawaida, au Mahakama Kuu, ambayo Voi sasa inayo yake. Muda wa kushitaki kwa mapatano yaliyovunjwa ni miaka 6, wa kudai ardhi miaka 12, na miaka ile 6 huhesabiwa tangu siku mapatano yalipovunjwa, wala si tangu siku yalipotiwa sahihi.